Usiku Chepseon Ilipoishinda Antaktika

Kuchora sakiti ni kazi ya raha. Unavuta laini kutoka kwenye betri hadi kwenye chipu, kutoka kwenye chipu hadi kwenye taa, na kila kitu kinatulia pale ulipokiweka. Ukitaka rezista ionekane kubwa kuliko transfoma, ruhusa. Balaa huanza siku unapotaka mchoro huo uwe bodi, yaani kile kibao chembamba chenye njia za shaba ambamo vifaa vitachomekwa na kulehemiwa. Hapo ndipo kompyuta hufanya kila unachoiambia, na wewe ukatamani ingekuwa kaidi kidogo.

Nina kibanda hapa Chepseon, kando ya barabara ya Nakuru kwenda Kericho. Natengeneza redio, simu na zile amplifaya za kanisani ambazo huharibika Jumamosi jioni tu. Mpwa wangu alipomaliza chuo cha ufundi alikuja kunisaidia. Ni kijana mwenye mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Hajakaa sana, mzee mmoja jirani mwenye chai kule bondeni akatuletea ombi: tumtengenezee kifaa cha kumwamsha jalidi ikikaribia.

Si ombi la kichaa. Januari 2012 jalidi iliunguza chai nyingi Kericho na Nandi, na waliokuwepo wanakumbuka majani yalivyobadilika rangi yakawa ya kahawia. Hutokea usiku mweupe usio na mawingu wala upepo: ardhi inapoteza joto lake angani, hewa baridi, ambayo ni nzito, inateremka polepole hadi bondeni na kukaa huko. Bondeni ndiko aliko mzee.

“Sasa ukishaamshwa, Mzee,” nikamuuliza, “utafanya nini?”

“Nitajua,” akasema.

Nikaona hoja yake haina pingamizi.

Mchoro tuliumaliza vizuri: chipu ya ATmega328 yenye miguu 28, kihisi cha joto cha DS18B20 ambacho ukikitazama utadhani ni transista, na moduli ya simu ya kutuma SMS. Tulitumia KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, na ambayo baadaye CERN, wale wanasayansi wa Geneva wanaogonganisha chembe chini ya ardhi, waliiongezea nguvu. Sina neno baya juu yake. Neno baya ninalo juu ya kitufe cha F8.

Niwaeleze wasiojua. Mchoro ni hati ya shamba, na bodi ni shamba lenyewe. Hati inakuambia nani anapakana na nani. Haikuambii mwamba uko wapi wala mto unapita wapi. Vivyo hivyo mchoro unajua kwamba mguu wa tatu wa kihisi unakwenda kwenye umeme, lakini haujui kihisi kina unene gani wala matundu yake yameachana kiasi gani. Hayo yamo kwenye futiprinti, na kila kifaa lazima kipewe yake, kwa mkono, na mtu aliye macho. Ukishamaliza unabonyeza F8. Vifaa vyote vinamwagwa kwenye skrini katika lundo moja, vimefungamanishwa kwa nyuzi nyembamba zinazopitana kila upande, na programu inasubiri uvipange. Kulinganisha kwake ni kwa namba tu: mguu namba 1 wa mchoro unapelekwa kwenye tundu namba 1 la futiprinti. Kama aliyezitia namba alikuwa amekosea, shauri yenu.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda Kericho mjini kutafuta betri. Mpwa wangu, kwa uangalifu wa kupongezwa, akaamua kuchapisha bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi ili achomeke chipu aone kama miguu inaingia. Hilo ni jambo ambalo kila fundi angepaswa kulifanya. Akaipeleka saiba. Dada wa saiba, mtu mwenye moyo mzuri, aliona mchoro unakaribia kugusa ukingo wa karatasi, akaupunguza hadi asilimia 97. Hakutoza hata shilingi ya ziada.

Fanya hesabu. Miguu ya chipu ile imepangwa kumi na minne kila upande, na kati ya mguu na mguu ni milimita 2.54. Nafasi 13 mara 2.54 ni milimita 33.02. Ukitoa asilimia tatu, unapoteza milimita moja nzima. Mguu wa kwanza uliingia, wa pili ukaingia, na kufikia wa mwisho tundu lilikuwa limebaki nyuma. Mtu mwingine angeishuku karatasi. Mpwa wangu aliishuku KiCad. Akafungua futiprinti na kuongeza nafasi hadi 2.62, akarudi saiba, akachapisha tena, na chipu ikaingia barabara! Akafurahi, akatuma faili China kwa kampuni inayotengeneza bodi kuanzia tano, akalipa.

Niliporudi alinionyesha karatasi. Ilikuwa safi kabisa, siwezi kusema uongo.

Bodi zilipofika, zikiwa za kijani na zinang'aa, chipu ilikataa kuingia. Kiwanda cha China hakina dada mwenye huruma, kiliweka 2.62 kama kilivyoagizwa. Ikabidi kila mguu uunganishwe kwa kipande chake cha waya, miguu yote 28, kazi iliyotuchukua hadi stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena.

Rezista zikawa kesi nyingine. Tulikuwa tumekubaliana kutumia zile ndogo za kubandika zinazoitwa 0603, ambazo zina urefu wa milimita 1.6. Sasa dunia, kwa sababu zake, ina vipimo viwili: namba hizo hizo 0603 kwa inchi ni rezista ya milimita 1.6, na kwa milimita ni rezista ya 0.6, ambayo wenye inchi wanaiita 0201. KiCad huandika majina yote mawili kwa uaminifu: R_0603_1608Metric, na R_0201_0603Metric. Kijana alitafuta 0603, akaona mbili, akachagua ya pili kwa kuwa, alivyonieleza, “Mjomba, hiyo imeandikwa 0603Metric, na sisi Kenya tunatumia mita.” Nilitafuta kosa katika maneno hayo kwa dakika kadhaa. Rezista zilizotoka Nairobi, Luthuli Avenue, kwa matatu, zilipowekwa juu ya bodi zilifunika sehemu zao na za jirani. Nazo tukazitundika kwa waya.

Hata hivyo kifaa kiliwaka. Dukani kihisi tulikishika kwa waya tatu pembeni, kikasoma nyuzi 19, SMS ikaingia kwenye simu yangu, tukapongezana. Jioni tukateremka kwa mzee. Mpwa akakihamishia kihisi kwenye matundu yake ya bodi, akafunga sanduku, tukanywa maziwa ya mursik na kwenda kulala.

Saa tisa usiku simu ya mzee ikalia. Ujumbe: “Baridi shambani: -127.”

Baridi kali kuliko zote iliyowahi kupimwa ardhini ni nyuzi 89.2 chini ya sifuri, katika kituo cha Vostok kule Antaktika, tarehe 21 Julai 1983. Chepseon ilikuwa imevunja rekodi hiyo kwa karibu nyuzi 38, na bado mbwa wa mzee alikuwa amelala nje. Mzee, ambaye hajali Antaktika, alivaa koti la mvua, akachukua tochi, akaenda kuangalia. Chai ilikuwa salama. Akafungua sanduku, akagusa kihisi kujua kama kweli kimeganda. Kilimchoma kidole.

Kihisi kile hakipimi chini ya nyuzi 55 chini ya sifuri hata kikitaka. Hiyo -127 si joto. Waandishi wa programu waliiweka imaanishe kwamba kihisi hakijibu. Na hakikujibu kwa sababu kilikuwa kinaungua. Karatasi ya maelezo ya DS18B20 inaonyesha miguu ikitazamwa kutoka chini. Mpwa wangu aliichora akiitazama kutoka juu, basi mguu wa 1 na wa 3 ikabadilishana, umeme ukaingia mlango wa kutokea. Mguu wa kati, wa kupeleka habari, ulibaki mahali pake, ukiwa hauna la kusema. Tiba ilikuwa kukigeuza kitazame upande wa pili. Cha ajabu, hakikufa.

Bodi ya pili niliisimamia mwenyewe. Saiba nilisimama nyuma ya dada hadi nikaona asilimia 100, kisha nikaweka rula juu ya karatasi, naye akaudhika. Kifaa kiko bondeni hadi leo na kinafanya kazi. Usiku kilipomwamsha mzee kwa jalidi ya kweli, nyuzi 3 na zinashuka, alinipigia simu.

“Nimejua,” akasema, akakata.

Zile bodi za kwanza zilizobaki, nne, ziko dukani kwangu na zinang'aa bado. Anayezihitaji azichukue bure, ila chipu yenye miguu ya milimita 2.62 ajitafutie.