Sifa za Televisheni ya Chogo na Ukoo Wake

Taka za kielektroniki ni chombo chochote cha umeme au betri ambacho mwenyewe amekitupa: simu, kompyuta, friji, pasi, taa, rimoti. Ni mali chache za binadamu zinazoongezeka kwa bidii kama hii. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62, na kwa hesabu za Umoja wa Mataifa ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Zilizobaki zilijitafutia makao zenyewe, bila kumsumbua waziri yeyote.

Fadhila yao ya kwanza ni uvumilivu. Simu iliyokufa hulala droani miaka na miaka, ikingoja chaja isiyotengenezwa tena, wala hainung'uniki. Betri yake tu ndiyo yenye hasira: huvimba, na ikitobolewa hulipuka moto.

Mkubwa wa ukoo ni televisheni ya chogo. Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia, Desemba 31, 2012, wengi waliitabiria kifo. King'amuzi kikaiongezea umri. Kioo chake kimechanganywa na risasi, mara nyingi zaidi ya kilo moja, ili kuwakinga watazamaji dhidi ya eksirei. Ikiwa sebuleni, risasi hiyo humlinda mwenye nyumba. Ikipasuliwa jalalani, humfuata kidogo kidogo kwa njia ya udongo na maji. Uaminifu wa namna hii ni adimu hata kwa jamaa.

Kisha ni wasafiri hodari. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 uliwawekea masharti ya kuvuka mipaka. Nchi za Afrika zikaona masharti hayo ni laini mno, na mwaka 1991 zikaandika wa kwao mjini Bamako, unaokataza kabisa kuingiza taka za sumu barani. Taka hazikununa. Zilibadili jina zikawa mitumba, zikapanda meli pamoja na vifaa vizima, na zikashuka bandarini kwa heshima zote. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ukarimu wa wageni hawa ulionekana vizuri zaidi Agbogbloshie, jijini Accra, Ghana. Kwa miaka mingi vijana walichoma nyaya hapo ili wapate shaba ya kuuza kwa kilo, na povu la friji kuukuu likafanywa kuni. Plastiki ya nyaya ikiungua hutoa sumu ziitwazo dioksini, ambazo hazikubagua mtu wala ndege. Mwaka 2019 watafiti walipima mayai ya kuku waliodonoa eneo hilo: yai moja lilimpa mlaji dioksini zaidi ya mara 200 ya kiwango cha siku kilichokubalika Ulaya. Watoto, kama adabu ya ukarimu inavyotaka, hupakuliwa zaidi. Mwili wa mtoto hufyonza risasi kwa kasi kuliko wa mtu mzima, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wake. Serikali ilibomoa eneo hilo Julai 2021, na uchomaji ukahamia mitaa ya jirani.

Utajiri nao haukosekani. Tani moja ya simu ina dhahabu mara nyingi zaidi kuliko tani ya mawe ya mgodini. Medali zote za Olimpiki ya Tokyo, takriban 5,000, zilitokana na vifaa vilivyokusanywa Japani, zikiwemo simu zaidi ya milioni 6. Dhahabu iliyopatikana ilikuwa kilo 32. Ila dhahabu hii huchagua rafiki. Humfuata mwenye tanuri linalonasa moshi wake. Anayeloweka mbao za saketi kwenye beseni la asidi uani huambulia sehemu tu, na kinachobaki humwagwa mtaroni. Vituo vya urejelezaji kama vile vya Nairobi na Bugesera, Rwanda, huanza kwa bisibisi: kutengeneza kinachotengenezeka, kuchambua plastiki, chuma na saketi, na kutenga betri na taa zenye zebaki.

Tangu Januari 1, 2025, Basel inataka taka zote za kielektroniki, za sumu na zisizo za sumu, zipate kibali cha nchi ziendako kabla ya kusafiri. Televisheni inayotangazwa kwamba bado inawaka si taka, na haihitaji kibali.