Cheche Tano Zapigania Taji

Kigezo changu ni kimoja: matawi. Cheche inayoruka na kuzimika ni mstari tu. Inayopasuka hewani ikazaa wenzake, hiyo ndiyo cheche. Tuanzie mkiani.

5. Titani. Wapenzi wa harusi za ukumbini, tulieni. Ile chemchemi nyeupe inayorushwa bibi harusi akiingia, mnayoiita "moto baridi", ni chembe za titani na zirkoni zinazoungua. Inang'aa kweli! Lakini mng'ao peke yake haubebi taji.

4. Jiwe la kiberiti cha gesi. Seriamu na chuma, ugunduzi wa Carl Auer von Welsbach wa Austria, 1903. Cheche fupi, lakini chai ya asubuhi ina deni nayo.

3. Grenda. Gusisha nondo laini: mistari mirefu, matawi ya kuhesabu. Gusisha tupa kuukuu: nyota zinachanua kila upande! Siri ni kaboni. Tupa inayo nyingi, na chembe yake ikiwaka angani, kaboni hugeuka gesi na kuipasua. Ndiyo maana fundi mzoefu hadanganyiki na muuza vyuma chakavu. Anakipeleka chuma kwenye jiwe la kunolea, anatazama cheche, kisha ndipo wanazungumza bei.

2. Ukuta wa Nuanquan. Katika mji huu wa mkoa wa Hebei, China, wahunzi wasio na fedha za fataki walijitengenezea sherehe yao. Huyeyusha chuma chakavu, hukichota kwa upawa wa mti wa mwerebi uliolowekwa maji, kisha hukirusha ukutani usiku, wamevaa ngozi ya kondoo. Ukuta mzima unachanua. Hapa nilikaribia kabisa kukabidhi taji.

1. Senko hanabi, fataki ya Japani. Karatasi nyembamba iliyosokotwa, ndani yake unga wenye masizi ya msonobari. Chuma? Hata punje! Ukiiwasha, nchani hujikusanya tone jekundu linalotetemeka. Gesi inatumbuka ndani yake, na vitone vinaruka vikigawanyika mara kwa mara, mithili ya sindano za msonobari. Wajapani wamezipa hatua zake majina ya mimea, mwisho ukiwa ua la krisanthemamu linalopukutika. Mwanafizikia Terada Torahiko aliandika juu yake kwa mapenzi makubwa mwaka 1927, nami namwelewa: ni masizi, yale tunayokwangua kwenye sufuria, yaliyozishinda metali zote.

Ukitaka kuiona, nunua iliyokwisha tengenezwa, ining'inize ikitazama chini, na ndoo ya maji iwe karibu. Kuchanganya unga wa fataki yoyote nyumbani usijaribu: ule wenye alumini laini unaweza kulipuka kwa cheche ndogo tu ya umeme tuli wa nguo uliyovaa.