Mlango Ukikaa, Boneti Inagoma

Fenda mpya ya MGB, lile gari la zamani la Kiingereza, huletwa ndani ya boksi refu lenye ahadi fupi: inakaa moja kwa moja, funga boliti zako uendelee na maisha. Aliyeandika maneno hayo ama hajawahi kufunga fenda, ama amewahi na hakutaka kuumia peke yake.

Ninaishi Uingereza, katika mji mdogo ulio kati ya Swindon na Abingdon, na kwa mtu mwenye maradhi yangu hapa ndipo penyewe. Bodi za MGB zilitengenezwa Swindon, magari yakaunganishwa Abingdon kuanzia 1962 mpaka 1980, yakatoka zaidi ya nusu milioni. Ukienda kununua maziwa unakutana na mzee aliyefanya kazi huku au kule, na kila mmoja ana la kusema juu ya gari lako. Mmoja wao ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alistaafu zamani, ana mbwa mwenye maringo, na enzi zake Swindon alikuwa kwenye bodi. Nitamrudia, maana ndiye aliyenivunja moyo kwa ukarimu mkubwa.

Mshauri wangu mwingine yuko Dar es Salaam. Ni kaka wa mke wangu, fundi bodi pale Gerezani, mtu ambaye ukimpelekea Corolla iliyobusu lori anaizunguka mara moja, anaguna, halafu Ijumaa unaichukua inang'aa. Tunaongea kwa simu ya video. Mimi namwonyesha bati, yeye ananionyesha foleni ya wateja wake ili nijue namchelewesha.

"Shemeji," aliniuliza alipoliona gari langu kwa mara ya kwanza, "hili gari liligongwa na nini?"

"Halikugongwa. Ni mvua."

Mvua na chumvi. Wenzetu humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu isiwaangushe, na chumvi hiyo inaruka na matope mpaka kwenye kila upenyo wa gari. Mtu wa pwani anajua chumvi inavyokula bati, lakini kwetu angalau bahari haipiti kwenye lami.

Gari lenyewe ni la 1972, la wazi, paa lake ni turubai. Aliyeniuzia alisema bodi ni nzima. Tusimwonee: jioni, ukiwa ng'ambo ya barabara, ilikuwa nzima. Balaa lilikuwa chini ya mlango, kwenye lile boksi refu la bati unaloliruka ukiingia. MGB haina chesi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesi. Gari lenye paa hugawana mzigo na paa lake, la wazi halina wa kugawana naye. Chukua kiberiti, chomoa kidroo chake cha ndani, ukipinde: ndivyo gari hili lilivyo. Nguvu imebaki kwenye yale maboksi mawili ya chini ya milango, na kila boksi limejengwa tabaka kwa tabaka, bati la nje, bati la ndani, na jingine la wima katikati ili lisikunjike. Kutu nayo inapenda tabaka. Inaanza mahali pasipoonekana, na siku ikichungulia nje ujue ndani imeshakula, imenawa, na inaomba chai.

Nilipogusa boksi la kushoto kwa grainda, likaachia puti nene kuliko bati lenyewe. Chini ya puti palikuwa na wavu wa kufugia kuku. Nyuma ya wavu palikuwa na magazeti, yamekunjwa na kushindiliwa vizuri, kazi ya mtu mwenye subira. Nikafunua ukurasa mmoja: habari ya mgomo wa wachimba makaa ya mawe. Kwa hiyo tarehe tunayo. Siku fulani kati ya 1984 na 1985, wakati wachimbaji wanavutana na serikali ya Margaret Thatcher, kuna mtu alikuwa amepiga magoti gerejini kwake anajenga gari kwa gazeti. Mke wangu aliusoma ukurasa ule mpaka mwisho, na matangazo yake, akasema hicho ndicho kitu pekee kilichotoka kwenye gari hilo kikiwa kizima.

Shemeji alicheka mpaka wateja wake wakasogea kutazama. "Hata sisi Gerezani puti tunapiga," alisema. "Lakini gazeti tunasoma."

Ukilikata boksi la namna hiyo bila kujipanga, gari linainama katikati, mlango unabanwa kwa juu, na ukishachomelea boksi jipya umelifungia kilema hicho maisha. Ndiyo maana kabla ya kukata unachomelea kwanza chuma cha kukaza uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya bawaba mpaka nguzo ya kitasa. Hilo lilikwenda vizuri. Ambacho vitabu hukitaja kwa sauti ndogo ni kwamba uwazi wa mlango unategemea pia gari limekaa juu ya nini. Liweke kwenye stendi mahali pasipo pake, uwazi unabadilika. Lishushe kwenye magurudumu, unabadilika tena. Toa injini, mbele inapumua. Jamaa mmoja wa klabu ya wenye magari haya alinishauri nipime likiwa limebeba uzito wake halisi, abiria akiwemo. Ikabidi mke wangu aende kukaa kwenye kiti cha kushoto na kikombe chake cha chai, mimi nazunguka napima.

"Kwani mimi ni jiwe?" aliuliza.

Nikamwambia yeye ni mzigo wa kitaalamu. Chai ilinikosa kidogo.

Kupima nako kuna mambo yake. Vipimo maalumu vipo, lakini sarafu ya paundi moja ina unene wa milimita 2.8 na tayari iko mfukoni. Unaipitisha kwenye mwanya kati ya mlango na fenda ya nyuma, unajua ulipo. Juu, paundi moja ilipita kwa kusukumwa. Katikati, paundi mbili. Chini, paundi mbili na chenji ya dukani. Mlango wa kulia ulikuwa na hesabu zake nyingine kabisa, kiasi kwamba thamani ya gari ilitegemea umesimama upande gani.

Utaratibu wenyewe haubishaniwi. Fenda ya nyuma imechomelewa, haiendi kokote, basi mlango unaifuata. Fenda ya mbele imefungwa kwa boliti, inaufuata mlango. Boneti inazifuata fenda zote mbili. Kwenye karatasi ni mpango wa busara sana. Gerejini maana yake ni kwamba kosa lolote la nyuma linasafiri kwenda mbele, likikusanya nauli kila kituo, na linafika kwenye boneti likiwa tajiri.

Bawaba za mlango zimeshikwa na skrubu kubwa za kichwa cha msalaba zilizokaa na kutu nusu karne. Bisibisi ya kawaida huzisalimia tu. Inatakiwa ile ya kugonga, unayoitwanga nyundo huku inajizungusha yenyewe, na mtaa mzima unajua uko kazini. Skrubu zikilegea, mlango wote unabaki mikononi mwako na una nafasi ya milimita chache za kuusogeza juu, chini, mbele au nyuma. Hapo ndipo utakapofahamiana na utepe wa kromu. MGB ina mkunjo mmoja mrefu ubavuni, kutoka karibu na taa ya mbele mpaka taa ya nyuma, na juu ya mkunjo huo hupita utepe mwembamba ulionyooka. Utepe huu ni shahidi asiyehongeka. Mlango ukipanda milimita moja tu, mtu aliyeko kituo cha basi anaona ngazi. Nikinyoosha utepe, mwanya unaharibika. Nikirekebisha mwanya, utepe unapanda. Vyote viwili vilipokubali kwa pamoja, kona ya chini ya mlango ikajitokeza nje unene wa kidole.

Jirani alikuja na mbwa wake, akasimama gerejini, akatazama. Akaomba kipande cha mbao. Akakibana kati ya mlango na nguzo, usawa wa kitasa, akashika mlango kwa mikono miwili, akausukuma chini kwa goti. Kitu kikalia mle ndani ya bati, na mimi nikalia kwa ndani. Akatoa mbao, akafunga mlango. Kona imeingia.

"Ndivyo tulivyokuwa tukifanya," alisema. "Mbao, nyundo ya raba, na goti. Na gari la pili linasubiri."

Nikamwuliza mwanya ulitakiwa kuwa milimita ngapi.

"Mlango ulitakiwa ufunge," alisema, akaondoka na mbwa wake.

Usiku ule sikulala vizuri. Mzee amenieleza, bila kuinua sauti, kwamba ninatafuta sifa ambayo gari hili halikuwa nayo likiwa jipya. Na si kwamba kuna mtu ananidai. Hapa Uingereza gari lililopita miaka 40, kama halikubadilishwa sana, limesamehewa ukaguzi wa kila mwaka tangu 2018, hivyo mkaguzi pekee niliyebaki naye ni mke wangu. Yeye hukagua vikali, lakini hukagua matumizi.

Halafu MGB ni afadhali. Bodi za Austin-Healey zile kubwa zilitoka kiwanda cha Jensen, West Bromwich, zikifungwa kwa mkono, na boneti ilipigwa muhuri wa namba ya bodi yake kwa sababu ya gari moja haikai kwenye jingine. Fenda ni za chuma, bati la katikati linaloshikana nazo ni la alumini. Wakutanishe hao wawili kwenye maji ya chumvi, watalana mpaka kesho. Jaguar E-Type, iliyowashangaza watu Geneva mwaka 1961, ndiyo usiseme. Boneti yake ni nusu ya gari, inafunukia mbele na fenda zake zote, na maungio ya bodi yalijazwa risasi iliyoyeyushwa kisha yakasuguliwa kwa tupa, kwa jicho la fundi wa siku hiyo. Kama fundi alilala vizuri, gari lako ni zuri. Namfahamu jamaa mwenye moja. Ananiambia boneti yake hatimaye imekaa sawasawa pande zote, ila ameamua asiifungue tena. Mafuta ya injini anayakisia.

Mke wangu aliuliza swali la haki kabisa: kwani bodi nzima mpya haziuzwi? Zinauzwa. British Motor Heritage wamekuwa wakizitengeneza tangu 1988 kwa mitambo ya zamani ileile, siku hizi wako Witney, si mbali na hapa. Nikamtajia bei. Akaokota kile kipande cha mbao, akanirudishia mkononi.

Basi ikafika zamu ya ile fenda yenye ahadi. Baadhi ya boliti ziko wazi, kando ya boneti. Nyingine zimejificha nyuma ya dashibodi, ambako mkono unafika tu ukilala chali sakafuni, kichwa kwenye pedali na miguu imeelekea mbinguni juu ya kiti. Katika mkao huo ndipo nilipogundua kwamba mashimo yalitobolewa kwa ajili ya gari la mtu mwingine. Nikampigia shemeji nikiwa hukohuko chini, simu juu ya kifua.

"Kwani shemeji umelala?"

"Nafunga fenda."

"Tanua mashimo kwa tupa ya duara, halafu usikaze kitu. Shika zote nusunusu, funga mlango, ndipo ukaze moja moja." Akasogeza uso karibu na kamera. "Na hapo pembeni ya mlango pamebaki nafasi, nimepaona. Acha. Mwanya ni urembo."

Nilikaza. Fenda ikaufuata mlango kwa utiifu, utepe ukanyooka, paundi moja na nusu kutoka juu mpaka chini. Kisha nikaweka boneti. Kona ya kulia ilikaa. Ya kushoto ikanyanyuka, ikabaki inachungulia. Niliposhusha ya kushoto, ya kulia ikaona si haki. Tumeelewana hatimaye kwa vipande vya bati nilivyoweka chini ya bawaba, kimoja kikiwa kimekatwa kwenye kopo la maharage. Usimwambie mtu wa klabu.

Rangi imepigwa, nyekundu, na inapendeza. Nikavisha milango raba mpya za kuzuia maji. Raba hizo ni nene, hazijawahi kugandamizwa na kitu, na hazijui habari ya paundi moja na nusu. Mlango ulionitesa kwa kila kipimo cha dunia sasa unasimama nusu njia, unadunda, unarudi. Jirani anasema goti. Shemeji anasema raba italala yenyewe, zibane tu zisahau. Nimewasikiliza wote wawili: nimeifunga milango kwa mkanda wa kufungia mizigo, kutoka kitasa mpaka kitasa, na tukitaka kukaa ndani tunaruka kwa juu, maana ni gari la wazi, linaruhusu. Mke wangu hakulalamika. Ameuliza tu kama mzigo wa kitaalamu huongezewa posho ukipandishwa kwa mguu wa kurusha.