Msomi, Kabla Hujapanda Ndege: Sita Hadi Moja

Shangazi ameshakutangaza wakili wa Ulaya, na barua ya udahili hata haijafika. Mwache afurahi. Sisi tuihesabu safari ya LLM, shahada ya uzamili ya sheria, ya Uingereza kwa kurudi nyuma, maana zito liko mwishoni.

6. Pesa ilale. Viza ya mwanafunzi inataka hela ya kujikimu ikae benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Binamu akileta kadi ya harusi siku ya 27, mpe pongezi tu. Anayetoka Tanzania au Kenya anapimwa pia kifua kikuu.

5. Koti. Desemba, jua la London linazama kabla ya saa kumi jioni. Nunua zito, tuendelee.

4. Nani analipa? Ufadhili wa Chevening, ulioanza 1983, hulipa ada, nauli na posho ya mwaka mzima. Unataka uwe umefanya kazi miaka miwili, na ukihitimu urudi kwenu miaka miwili. Wapo wanaonung'unikia sharti hilo. Jamani, kesi za nyumbani atazisimamia nani? Kibarua usikitegemee: muhula ukiendelea, mwisho ni saa 20 kwa wiki.

3. Shahada si leseni. LLM peke yake haikupi uwakili, si London, si Dar. Shangazi aambiwe taratibu, akiwa ameshakunywa chai.

2. Darasani utakutana na mtu unayemfahamu: Bi Donoghue na konokono wa kwenye chupa, kesi ya 1932. Mwenzako kutoka Brazil huenda ndiyo kwanza anamsikia. Wewe ulimkariri tangu mwaka wa kwanza. Ila kukariri hakutakuvusha. Kwenye semina profesa anauliza, “Wewe unaonaje?” Ukimjibu alivyosema jaji, anakuuliza tena, kwa upole uleule, darasa zima likikutazama. Sema, msomi! Zungumzia mikataba ya madini, hatimiliki za kimila, mikopo ya kwenye simu. Hayo wengine wanayasoma vitabuni, wewe umekua nayo.

1. Tasnifu. Hapa ndipo mwaka wote unapoenda: mara nyingi maneno 10,000 hadi 15,000, yaandikwayo wenzako wakiota jua bustanini. Ondoka nyumbani na swali lako mkononi. Issa Shivji alichukua LLM yake London School of Economics, akarudi kufundisha Dar es Salaam, na mwaka 1991 akakabidhiwa uenyekiti wa tume ya rais ya masuala ya ardhi. Swali lako likiwa la ardhi, hukumu za Mahakama ya Rufani utazisoma mtandaoni ukiwa popote. Jalada la Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye ushahidi wa wazee na ramani iliyochorwa kwa kalamu, hakuna maktaba ya London itakayokupa. Kaombe nakala wiki hii, na karani mwamkie vizuri.