Kiazi Mchongezi

Mtoto akishatimiza miezi sita huwa si wako tena. Kabla ya hapo chakula chake unacho mwenyewe kifuani, na watu wanaheshimu kwa sababu hawana pa kupenyeza kijiko. Siku nesi anapotamka kwamba aanze chakula cha nyongeza, huku akiendelea kunyonya, kila aliyewahi kushika mwiko anajitangaza mtaalamu.

Kwetu Mbagala wataalamu walikaa kibarazani. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Sengerema kumwona "mume wangu", na mume anayemsema si marehemu baba, ni mjukuu. Wifi alifika kutoka Chanika. Jirani hakuitwa, lakini alikuja na kigoda chake. Kuhusu chakula cha kwanza hakukuwa na ubishi: kiazi kitamu, maana kila kabila lililokuwepo pale lilidai kiazi ni chake. Ubishi ulikuwa kiazi gani, na kipikwe vipi.

Kwa mama yangu kiazi hakijawa chakula cha maana mpaka kipite juani. Kikatwe kibichi kianikwe, hiyo ni michembe. Au kichemshwe kwanza ndipo kikatwe na kuanikwa, hayo ni matobolwa. Alikuwa ameyabeba kwenye basi, kiroba kizima, akakataa kuyaweka kwenye buti asije akayapoteza. Ni vipande vigumu vinavyolia vikigongana, na mjukuu hana hata jino moja.

"Atayanyonya," akasema.

Wifi, Mzaramo wa kujitambua, alisema kiazi bila tui la nazi ni adhabu, na kwao hata mwezi wa Ramadhani mtu hafuturu kiazi kikavu. Mume wangu hakusema kitu. Mkwe ni mkwe. Tangu tuoane hajawahi kumpinga mama yangu ana kwa ana. Akiwa na neno analipitishia kwangu, hata kama sote watatu tumekaa mkeka mmoja.

"Mwambie Mama," akaniambia, "mtoto anaweza kupaliwa."

"Mwambie baba," mama naye akasema akitazama ukuta, "huyu aliyemwoa alinyonya matobolwa na yuko hai."

Mwishowe ilishinda kauli ya nesi, maana ndiyo pekee isiyokuwa na kabila: kiazi lishe, kile cha nyama ya rangi ya chungwa. Kile cheupe hakina ubaya, ila ni kikavu. Hata sisi wenye meno tunakiteremsha kwa chai. Kiazi lishe ni laini, kina majimaji, na ile rangi yake ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kupambana na maradhi. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne, na watatu kati yao walipewa kwa ajili ya kiazi hiki hiki: Maria Andrade wa Cape Verde, Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low wa Marekani. Nawapa heshima zao zote. Ila kuna jambo kuhusu kiazi chao ambalo nadhani halikusomwa siku ya tuzo, nalo ni kwamba hakijui kutunza siri.

Kwanza lakini lazima ukipate. Ganda la kiazi halina ukweli. Kuna chekundu nje ambacho ndani ni cheupe pee, na kuna chenye ganda lililopauka ambacho ndani kinawaka. Muuzaji atakuapia kwa jina la mama yake, halafu atakuonyesha kimoja alichokikata kwa kisu, kweli cha chungwa, kinachokaa juu ya fungu tangu asubuhi kikiwatolea ushahidi wenzake wasiohusika. Mama yangu hakuhangaika na ushahidi huo. Alikiokota cha chini kabisa, akakikwangua ganda kwa ukucha wa kidole gumba, akachungulia, akakirudisha. Akachukua kingine.

"Bibi, unaniharibia mali."

"Sijaharibu, mwanangu. Nimebisha hodi."

Nilimuuliza yule kijana ni mbegu gani, Kabode, Ejumula au Mataya, nikijifanya nimesoma. Akanijibu ni ya Gairo. Kwake mbegu zote za dunia hii ni za Gairo.

Kupika si kazi. Unakiosha, unakichemsha na ganda lake kwa maji kidogo, sufuria imefunikwa, mpaka uma uingie wenyewe. Unamenya, unaponda, unalainisha kwa maziwa yako mwenyewe au maji yaliyochemshwa. Chumvi hapana, sukari hapana. Jirani alileta asali ya Tabora kwenye chupa ya soda, na ilibidi nimtaje nesi tena, kwamba asali haimgusi mtoto mpaka atimize mwaka, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi. Jirani alisikitika, akaiacha chupa kwa ajili ya "wakubwa", na wakubwa wakaimaliza.

Tatizo lilikuwa nyuzi. Kiazi kile kilikuwa na nyuzi, na dada anayenisaidia kazi, bila kumuuliza mtu, alikipitisha kwenye chujio la chai. Kilipita vizuri sana. Jioni wifi akanywa chai ya maziwa yenye rangi ya machweo, akaisifu, akaomba aambiwe tumetia kiungo gani.

Kijiko cha kwanza kiliangukia siku ya Ijumaa. Mume wangu alikuwa anakwenda msikitini, kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata, akasema kijiko cha kwanza lazima kitoke kwa baba. Sasa, ulimi wa mtoto wa umri ule unajua kazi moja tu, kunyonya, na kingine chochote unakisukuma nje. Si kukataa, ni kutojua. Kijiko kikaingia, kiazi kikatoka. Baba mtu akakikusanya kidevuni kwa ncha ya kijiko, akakirudisha ndani. Kikatoka. Akakirudisha, safari hii akainama karibu kabisa, akafungua na yeye mdomo kumwonyesha mwanawe jinsi watu wanavyokula. Ndipo mtoto akapiga chafya.

Kwenye kola kulikuwa na tone moja. Kifuani yalikuwa mengi. Ndevuni sitaki kusema. Mume wangu alisimama mikono ikiwa mbali na mwili wake, na mama yangu, mara ya kwanza tangu niolewe, akamsemesha moja kwa moja: "Pole, baba." Kisha akaingia ndani, na tukamsikia akicheka mpaka akakohoa. Sabuni haikulitoa doa lile. Lililolitoa ni jua. Mama aliianika kanzu ingali mbichi, juani kabisa, akaigeuza na kuigeuza, na jioni lilikuwa limefifia mpaka ulitafute. Mtu wa michembe analijua jua.

Basi kikaanza kuchongea. Aliyekipenyeza kiazi mdomoni mwa mtoto, kidole chake kilisema. Aliyembeba baada ya kula, bega lake lilisema. Na nepi ikasema kuliko wote. Kinachoingia na rangi ile hutoka na rangi ile, ni jambo la kawaida kabisa, lakini mume wangu hakuwa ameambiwa. Aliifungua, akapiga ukelele, akapiga na picha, akaituma kwenye kundi la familia la WhatsApp saa ya chakula cha mchana. Shangazi yake wa Kisarawe ndiye aliyewahi kujibu: "Mashaallah, imetulia. Mmetia nazi?"

Wiki zikapita. Mtoto akajifunza kumeza, kisha akajifunza kudai. Halafu pua yake ikaanza kupata rangi. Kwanza ncha, kisha mbawa zake, kisha viganja. Nilidhani ni taa ya sebuleni. Jirani, ambaye hahitaji taa, alimgeuza mtoto juani, akashusha sauti kama mtu anayeleta habari ya msiba: "Mama, huyu ana manjano."

Bajaji ya abiria watatu ilitubeba watano na mtoto. Mume wangu alitukuta kliniki, jasho linamtoka, hata salamu alizisahau. Nesi alikuwa binti mdogo mwenye utulivu wa mzee. Alimwamkia mama yangu shikamoo, akamchukua mtoto, akalishusha kope la chini kwa kidole, akatazama. Akalishusha la pili.

"Macho meupe kabisa. Ingekuwa manjano, na macho yangekuwa ya njano." Akafungua kiganja, akatazama nyayo. "Anakula nini?"

"Kiazi lishe," nikasema.

"Mara ngapi?"

"Mara moja tu. Asubuhi." Nilisema hivyo kwa uhakika wa mtu anayeijua nyumba yake.

Kimya kikapita. Dada alikuwa anaangalia sakafu. "Na saa nne kidogo, dada," akasema. "Akilia."

Wifi akasafisha koo. Yeye alikuwa akimpa jioni nikienda dukani, cha tui, "vijiko viwili vitatu, asikue bila kujua kwao." Mama hakuwa na cha kujitetea wala hakutaka: mume wake hawezi kulala na njaa, kwa hiyo kila anapomwogesha humlisha kwanza, na akimaliza kumwogesha humlisha tena. Nikamgeukia baba wa mtoto.

"Mwambie nesi," akaniambia, maana mkwe wake yupo, "usiku nikirudi nampa kilichobaki."

"Mimi kiazi sijampa hata siku moja," jirani akasema kwa fahari. "Mimi nampa papai."

Nesi akacheka mpaka ikabidi amrudishe mtoto mikononi mwangu. Papai nalo lina rangi hiyo hiyo, na karoti pia. Akatueleza kwamba mwili unachukua kiasi unachohitaji cha kutengeneza vitamini A, na rangi inayozidi inakwenda kukaa kwenye ngozi, hasa puani, viganjani na nyayoni. Haina madhara. Ukipunguza, inaondoka yenyewe polepole, ni suala la wiki kadhaa. Mwanangu alikuwa akihudumiwa kwa zamu, mchana na usiku, na hakuna zamu iliyoiachia nyingine ujumbe. Bila pua ile tusingejua mpaka aanze shule.

Akatupangia upya: kiazi kiwepo, lakini kipishane na uji, yai, maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa wakawa unga laini, na mafuta kidogo kwenye chakula, kwa sababu rangi ile haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Kwenye neno mafuta wifi alituangalia mmoja mmoja. Tui la nazi ni mafuta, akataka nesi alitamke hilo kwa sauti, na nesi, ambaye foleni yake ilikuwa imefika mlangoni, akalitamka.

Kesho yake mama alikwenda sokoni peke yake. Alirudi na mafungu ya matembele, akaketi, akaanza kuyachambua, mtoto amemweka mapajani.

"Mama, si tumeambiwa tupunguze viazi?"

"Viazi, ndiyo. Haya ni majani."

Ni majani ya kiazi, na rangi ile imejaa humo pia, ila kijani kimeifunika. Mume wangu alikuwa mlangoni. Alilitazama sinia, akaitazama pua ya mwanawe, akanigeukia.

"Mwambie Mama," akaanza.

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Mimi nafua kanzu."