Barua ya Wazi kwa Mchagua Majina ya Vibao vya Barabarani

Kwa Mheshimiwa Mchagua Majina,
Ofisini kwako, popote ilipo (kibao cha kufika huko sijakiona).

YAH: KUPOTEA KWA KUFUATA MAELEKEZO

Mada tajwa hapo juu yahusika.

Mheshimiwa, kwanza pokea pongezi. Vibao vyako vinang'aa usiku, nguzo zake zimesimama wima, na herufi zinasomeka hata kwa mtu aliyesahau miwani nyumbani. Sina neno na rangi wala chuma. Nina neno na majina.

Majuzi tuliondoka Dar es Salaam alfajiri, mpwa wangu akiendesha, kuwahi maziko ya shemeji mkoani. Kibao cha kwanza kilitaja mji tuendao pamoja na kilomita zake. Tukakiamini. Cha pili kikautaja tena, tukazidi kustarehe. Saa nane mchana tukafika njia panda. Mshale wa kushoto ulikuwa na jina la kijiji, wa kulia jina la kijiji kingine, na mji wetu haukuwepo. Mpwa wangu akasimamisha gari. "Mjomba, tunakwenda wapi?" Nikamjibu kwamba tunakwenda kule kulikotajwa kilomita 40 nyuma.

Tulichagua kulia. Haikuwa njia yenyewe. Aliyetuokoa ni kijana wa bodaboda, aliyetutangulia mpaka njia yetu kwa shilingi elfu mbili. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mwenyeji alipona. Sisi tulifika maziko yamekwisha na ubwabwa umekwisha. La kwanza nimelipokea kama mapenzi ya Mungu. La pili nakuletea wewe.

Nimejaribu kukisia majina haya yanavyochaguliwa. Naona meza ndefu, chai ya rangi na sahani ya sambusa. Mjumbe wa kwanza anataka liandikwe jina la makao makuu ya wilaya, kwa kuwa wilaya ni mpya na inahitaji kuzoeleka. Wa pili anasema kijiji cha jirani kisidharauliwe, hasa kwa kuwa ndiko alikooa. Wa tatu anauliza, "Na yule anayepita tu?" Anaombwa asogeze sukari. Kikao kinafungwa, na wajumbe wote wanarudi makwao bila kupotea, kwa maana njia wanaijua.

Wala si mimi pekee niliyechelewa njiani. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Wizara zilianza kuhamia kwa kishindo baada ya agizo la mwaka 2016. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 450, mwendo wa siku moja hata kwa basi lenye pancha mbili, lakini Serikali imeutembea kwa zaidi ya miaka 40. Wapo waliolaumu bajeti. Mimi sasa nimewaelewa wahusika: walikuwa wanafuata vibao.

Nakubali kazi yako ni ngumu. Tuchukue Chalinze, kama kilomita 100 kutoka Dar es Salaam. Ukinyoosha unakwenda Morogoro, na pale Msamvu njia inagawanyika tena: huku Dodoma, huku Iringa, Mbeya na mpaka wa Tunduma. Ukikata kulia unakwenda Segera, na Segera nayo inagawa watu: Tanga kulia, Korogwe, Moshi na Arusha kushoto. Sasa ubao ni mmoja na wasafiri ni wengi. Dereva wa lori la Lubumbashi anaulizia Tunduma. Wa Kigali anaulizia Rusumo. Mama mwenye matenga ya nyanya anaulizia Morogoro, basi. Ukiwaandika wote, ubao utakuwa mrefu kuliko lori lenyewe.

Na Segera je? Ukiwatoa wana Segera, ambao hawahitaji kuoneshwa kwao, ni wachache wanaofunga safari kwenda Segera. Wengi wanapita. Lakini wanaopita wote lazima waijue, kwa kuwa hapo ndipo Tanga na Arusha zinapoachana. Basi njia panda nayo ni mahali, ilimradi iandikwe pamoja na kule inakopeleka watu. Waingereza wanayo yao, Scotch Corner, njia panda ya kaskazini mwa England. Wala hawakuona haya kuiweka kwenye orodha yao rasmi ya majina makuu ya vibao, maana hapo ndipo dereva anapokata kona. Wanayo na kanuni nyingine: jina likishatajwa njiani, lisiachwe mpaka mtu afike. Sisemi ni malaika. Hao hao, kwenye barabara kuu inayotoka London, mara nyingine huandika "Kaskazini" tu, kana kwamba kila dereva ametembea na dira.

Hata hivyo huna haja ya kupanda ndege kwenda kujifunza. Daladala huandikwa majina mawili, mwanzo na mwisho, na ya katikati konda huyamalizia kwa mdomo. Barabara za juu za Ubungo zina jina rasmi la Kijazi, na ile ya Tazara jina la Mfugale, heshima wanayostahili wahandisi hao. Konda bado anaita Ubungo na Tazara. Si utovu wa adabu. Ndiko abiria wake anakoshukia. Mbezi Mwisho nayo si mwisho wa kitu tena, mji umeipita siku nyingi ukaelekea Kibamba, lakini jina hilo halijawahi kumpoteza mtu.

Ila bingwa wa mabingwa ni mganga. Kibati chake kimepigiliwa kwenye nguzo ya umeme, herufi zimepinda: MGANGA, mshale, namba ya simu. Ukienda mbele kidogo unakuta kingine, kisha kingine kwenye mwarobaini, mpaka mlangoni kwake. Hakuachi katikati ya safari. Sijui kama dawa zake zinatibu, lakini kufika utafika. Mganga amegundua jambo ambalo kikao chenu hakijaligundua: anayesoma kibao ni mtu aliyepotea. Mwenyeji hakisomi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Kabla jina halijapakwa rangi, atafutwe mtu asiyewahi kufika huko. Aoneshwe ubao, aulizwe atakata wapi. Akikosea, ubao ndio umekosea.

(b) Kila mshale upewe jina la karibu na jina la mbali, mama wa nyanya afike na dereva wa Lubumbashi afike. Nafasi ikibana, lipunguzwe la ukweni.

(c) Mji ukishatajwa, usitupwe njiani. Mji si mgeni rasmi, atambulishwe mwanzo wa sherehe kisha anyimwe kiti.

Yakishindikana yote, nina ombi moja dogo. Pale njia panda, yule kijana wa bodaboda apewe kiti, mwavuli na mshahara wa mwezi. Kazi ya ofisi yako anaifanya yeye, na hajawahi kuitisha kikao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msafiri aliyefika baada ya ubwabwa.

Nakala:
Kijana wa bodaboda, njia panda – kwa taarifa.
Mganga, nguzo ya tatu – kwa ushauri wa kitaalamu.
Mpwa wangu – ageuze gari.