Katiba ya Bolti za Pikipiki

Bolti ya injini ni raia mwema. Haiombi likizo wala nyongeza ya mshahara, na inastahimili joto, matope na mtetemo tangu alfajiri mpaka usiku. Ikitendewa vibaya huwa na njia mbili tu: kutoroka au kugoma. Mafundi na waendesha bodaboda wenzangu, tuisome katiba yake kabla ya kushika spana.

Ibara ya 1: Haki ya kuvutika kwa kiasi

Bolti ikikazwa hurefuka kidogo kama mpira, na ule mvuto wa kutaka kurudi ndio unaobana vyuma viwili. Ukiilegeza mno, mtetemo utaifungua. Ukizidisha, utakula nyuzi. Bolti za M6 za kava ya injini kwa kawaida hukazwa kwa nyutoni-mita 8 hadi 12. Kwenye spana ya sentimita 15, nyutoni-mita 10 ni sawa na kuning'iniza karibu kilo 7 mwishoni. Kwa hiyo, bomba la kurefushia spana ni marufuku hapa. Fuata kitabu cha pikipiki yako, na kaza bolti za kava kwa kukingamanisha, kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko.

Ibara ya 2: Haki ya kushikwa kwa heshima

Tumia ringi au bokosi inayokaa sawasawa kichwani. Spana malaya, ile ya mdomo unaorekebishwa, haina ruhusa ya kugusa injini, maana huviringisha kichwa cha bolti. Anza kufunga kwa vidole. Ikikataa, irudishe nje na utazame nyuzi.

Ibara ya 3: Kuzuia mgomo

Injini nyingi zina maganda ya aluminiamu yaliyofungwa kwa bolti za chuma. Metali hizo mbili zikikutana na unyevu wenye chumvi, kutu huzigandisha. Wakazi wa Tanga, Mombasa na Unguja, ibara hii ni yenu hasa. Piga nyuzi brashi ya waya, kisha pakaza grisi kidogo ya kuzuia kuganda. Kumbuka kwamba nyuzi zenye grisi huteleza, na nguvu ileile huivuta bolti zaidi, hivyo punguza mkono. Nayo plagi ya cheche ifunguliwe injini ikiwa imepoa.

Ibara ya 4: Usuluhishi wa bolti iliyogoma

Nguvu si hoja. Nyunyizia mafuta ya kupenya, yaache yafanye kazi, kisha gonga kichwa kwa nyundo ndogo. Ikiendelea kukataa, pasha moto aluminiamu inayoizunguka, kwa sababu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tangi la petroli liondolewe kwanza na lipelekwe mbali. Bolti ikianza kutikisika, izungushe robo mbele, robo nyuma, mpaka iridhike.

Ibara ya 5: Kuzuia utoro

Bolti zinazotikiswa sana zipakwe gundi ya nyuzi ya bluu, tone moja tu, baada ya kusafisha oili yote. Ile nyekundu ni kifungo cha muda mrefu: kuifungua huhitaji moto mkali. Wosha ya bolti ya kumwagia oili ibadilishwe kila unapobadilisha oili. Kisha chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye injini. Asubuhi mstari ukiwa umevunjika, bolti imezunguka. Utaigundua kwa macho kabla hujawasha.

Ibara ya 6: Kwa nini katiba hii ni halali

Bolti ya kumwagia oili iko chini ya injini, mbele ya tairi la nyuma. Ikidondoka, oili humwagikia barabarani na kwenye tairi, na pikipiki huteleza ikiwa na mtu mgongoni. Yule abiria hakuchagua spana wala fundi. Alilipa nauli na kuamini. Fundi anayekaza kwa kipimo anamlinda mtu asiyemjua, na hilo ndilo linaloifanya kazi hii iheshimike. Dakika moja ya kukagua mistari ya rangi kila asubuhi ni wajibu wa kila anayebeba watu.